Karatasi Zilizopita Chini ya Mlango

Wiki jana nilikuwa Ngara, kwenye yale maduka ya jumla ya vitabu na vifaa vya ofisi, nikitafuta karatasi ya manila. Binti yangu alikuwa ameambiwa shuleni atengeneze kadi ya Pasaka, nami nikamwahidi kwamba ya kwetu haitakuwa ile ya kuchora yai na kulipaka rangi. Itakuwa kadi ya kusimama. Muuzaji akatandaza karatasi juu ya kaunta, akachukua mkasi mrefu, akakata bila kupumzika, krrrp, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nikahisi shingo ikinisisimka. Nikageuka ghafla kutazama nyuma. Hapakuwa na kitu ila rafu za madaftari.

"Madam, uko sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia niko sawa. Lakini wewe, rafiki yangu, unanijua tangu zamani, na umewahi kuniuliza kwa nini siwezi kukaa na mlango uliofungwa nyuma ya mgongo wangu. Sasa nitakuambia.

Nilikulia kwa nyanya, niliyemwita kukhu kwa lugha ya kwao, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, kwenye ploti yenye nyumba za mawe zilizojipanga mstari mmoja, milango yote ikitazama ua wa saruji na bomba moja la maji. Mama alifanya kazi Kakamega na alikuja mwisho wa mwezi. Nyanya alikuwa ametoka huko huko magharibi akiwa msichana, akajifunza kushona, na cherehani yake ilikuwa Kenyatta Market, katikati ya wasusi wa nywele, mahali ambapo hewa ilinukia moshi wa nyama kuanzia saa tano asubuhi. Alirudi jioni na vipande vya nyuzi vimemganda kwenye sweta, akitembea polepole kwa sababu ya magoti. Shule zilipofungwa mwezi wa nne na mvua ndefu kuanza, hakutaka niende naye kukanyaga matope ya soko. Aliniacha kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mwalimu mstaafu, na ndiye aliyekuwa na ploti yenyewe. Jamaa zake walikuwa watu wa upande wa Dagoretti tangu enzi za babu zao. Sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Mwalimu. Alikuwa mama mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ndipo uisikie. Alikuwa amefundisha kazi za mikono maisha yake yote, na kila Kwaresima alitengeneza kadi na visanduku vya Pasaka kwa akina mama wa kanisa, kwa maofisi kadhaa ya mjini, na kwa duka moja la vitabu ambalo siku hizi ni duka la simu.

Nilikuwa na miaka tisa. Usifikiri alinipa kazi ili nisimsumbue. Nilifanya kazi kweli.

Asubuhi alipika gundi. Unga wa ngano, maji, chumvi kidogo, sufuria juu ya jiko la makaa, unakoroga mpaka inang'aa na kuanza kutoa povu kubwa kubwa. Hadi leo nikisikia harufu ya unga unaochemka, ninaona ile meza: gazeti lililotandazwa, rula ya chuma, kalamu iliyokwisha wino ya kuchora mistari ya kukunjia, na kijiko ambacho tulitumia mgongo wake kulaza mikunjo. Mwalimu alinifundisha siri ya kadi ya kusimama. Unakunja karatasi katikati, unakata mistari miwili pale penye mkunjo, unasukuma kile kipande kwa ndani. Ukifunga kadi, hamna kitu. Ukiifungua, kitu kinainuka. Kaburi lenye jiwe lililovingirishwa kando. Kanisa lenye mnara. Kuku na vifaranga wake. Visanduku navyo vilikuwa na vifuniko vya petali nane zinazojifunga zenyewe, na akina mama waliviwekea peremende na karanga za sukari.

"Mkono mwepesi, mami," alikuwa akiniambia. "Karatasi ikikasirika haisamehi."

Lakini Mwalimu hakukata. Hilo nililigundua siku ya pili. Alichukua karatasi nzima, nyeupe, akaenda hadi mwisho wa sebule ambako palikuwa na mlango wa kijani, akainama, akaisukuma chini ya mlango. Uwazi ule haukuzidi upana wa kidole. Kisha akarudi kukaa. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa fujo, na ilipopungua, nikasikia mkasi. Krrrp. Kimya. Krrrp. Baada ya muda karatasi ikatokeza tena chini ya mlango, polepole, kama ulimi, ikiwa imekatwa vipande ambavyo mimi sijawahi kuona mtu akivikata: madirisha madogo kama punje ya mtama, manyoya ya kuku moja moja.

"Nani yuko huko, Mwalimu?"

"Fundi wangu," akasema. "Kunja, mami. Gundi inapoa."

Saa saba aliweka sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, mbele ya mlango, akaifunika, akaniambia niende bombani kunawa mikono. Niliporudi sahani haikuwepo. Ilikuwa hivyo kila siku. Siku moja nilinawa haraka sana, nikarudi mbio na mikono ikichuruzika maji, nikakuta mlango umefungwa na mvuke wa chakula bado uko hewani, pale pale, kwenye kimo cha mtu mzima.

Nilimuuliza nyanya jioni. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa.

"Nyumba ya mtu ni ya mtu, wewe. Umeenda huko kuangalia milango ama kukunja karatasi?"

"Lakini kukhu, kuna mtu ndani."

"Basi kama kuna mtu, hauko peke yako. Leta chumvi."

Siku chache baadaye, nikipanga vipande vya visanduku, nikapata vingine ambavyo havikuwa vya kisanduku chochote. Vilikuwa vidogo, vimewekwa katikati ya vile vingine kama mtu aliyejificha kwenye foleni. Mwalimu alikuwa jikoni. Nikavikunja. Kikasimama chumba: kitanda, meza, dirisha lenye vyuma, na mtu mmoja mwembamba asiye na uso, amesimama nyuma ya mlango. Nikakilaza haraka, nikakitia mfukoni mwa koti langu la mvua.

Kesho yake vikaja vingine, na kesho kutwa. Nyumbani nilivificha ndani ya sanduku la viatu chini ya kitanda, na nyanya alipoenda kwenye maombi nilivisimamisha vyote kwenye sakafu. Chumba kiliendelea kukua. Siku ya nne kikapata upande wa pili wa mlango, yaani sebule, na ndani ya sebule kulikuwa na meza, na mezani msichana mwenye misuko miwili na koti lenye kofia. Alikuwa ameinama anakunja kitu kidogo sana. Kofia ya koti ilikuwa imechanika upande mmoja. Yangu pia ilikuwa imechanika, upande huo huo, tangu asubuhi ya siku ile nilipoinasa kwenye msumari wa lango.

Nilienda nikaangalia tundu la ufunguo la ule mlango. Lilikuwa limezibwa kwa pamba, tena pamba ya zamani, imekuwa ya kijivu.

Niliogopa, sitakudanganya. Lakini mtoto akiogopa kitu huwa pia anakipenda kidogo. Nikakata mtu wangu wa karatasi, mbaya mbaya, mkono umeinuliwa kusalimia, na Mwalimu alipotoka kuanua nguo nikamsukuma yule wa karatasi chini ya mlango. Nilisikia pumzi. Karibu sana, chini, kana kwamba mtu alikuwa amelala sakafuni huko ndani, uso wake kwenye uwazi. Kisha vidole vikatoka. Virefu, vyeupe kwa gundi iliyokauka, hadi kwenye kiungo cha kwanza tu, wala havikuishika karatasi mara moja. Viligusa saruji. Viliigusa kama mtu anayepima maji ya kuoga. Halafu vikachukua mtu wangu na kuingia.

Jioni, katikati ya vipande vya visanduku, mtu wangu alirudi. Hakuwa peke yake. Alikuwa ameunganishwa na mwingine, mrefu, wameshikana mikono.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nadhani kama ningetulia, mambo yangejiendea yenyewe, taratibu. Lakini Alhamisi ile kabla ya Ijumaa Kuu chumba kilichokuja kilikuwa na mlango uliokatwa kwa karatasi nzito, na juu ya mlango komeo kubwa, kubwa kuliko kitanda, kubwa kuliko mtu. Nikalitazama lile komeo. Akili ya miaka tisa ikanieleza kitu kimoja tu: amefungiwa. Mwalimu amemfungia mtu, na mtu ananiomba msaada.

Nikatoa sanduku la viatu nikampelekea nyanya. Nikavisimamisha mbele yake kimoja kimoja juu ya kitanda. Alimshika yule wa misuko miwili kwa ncha za vidole.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na hujawahi kuonana na yeye."

"Sijawahi."

Akavaa kitambaa chake cha kichwa akatoka.

Jumamosi kabla ya Pasaka, kama saa nane mchana, tulienda. Nyanya, akina mama wawili wa kikundi cha maombi, na mzee wa mtaa. Mimi niliambiwa nibaki, nikawatangulia. Mvua ilikuwa imekatika ghafla na mabati yalikuwa yakidondosha matone. Mwalimu alikuwa mezani akifunga visanduku vya mwisho. Aliwatazama wote, kisha akanitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyeona chungu kikiteleza mkononi.

"Mwalimu," nyanya akasema, "tumekaa na wewe vizuri hapa. Tuambie nani yuko kwa hiyo room."

"Ni msichana wangu."

Mmoja wa akina mama akashika kifua. "Si ulisema ameolewa Nakuru?"

"Nilisema hivyo ndiyo mwache kuuliza."

"Fungua basi, tumwone," mzee wa mtaa akasema. "Tukimwona yuko sawa, tunaenda zetu."

"Sina ufunguo," Mwalimu akasema. Akaendelea kulaza petali za kisanduku, moja baada ya nyingine. "Sijawahi kuwa nao. Tafadhali. Mkipiga huo mlango mtaharibu kitu hamkijui."

Walidhani ni ujanja. Hata mimi nilidhani hivyo. Mzee wa mtaa akaenda kwa mlinzi wa lango, akarudi na mtaimbo. Mwalimu aligeuza kiti chake, akatupa mgongo. Mtaimbo uliingia kati ya mlango na fremu, mbao zikalia, na mara ya tatu mlango ukafunguka.

Komeo lilianguka ndani. Lilikuwa limepigiliwa kwa ndani.

Sijui nikuelezeje kile chumba. Kilikuwa kidogo, kisafi, kitanda kimetandikwa. Lakini kuta zote, kuanzia sakafuni hadi kwenye dari, zilikuwa mtaa wetu. Mtaa mzima, wa karatasi nyeupe, umesimama. Nyumba zetu za mawe na bomba lake. Maduka ya Adams. Wauza njugu. Mbwa wa mlinzi akiwa na mguu wake mbovu. Nyanya akirudi jioni, nilimtambua kwa magoti. Pazia la dirisha lilikuwa na mpasuko mwembamba kama wa wembe, na kupitia hapo alikuwa ametuchukua sote. Upepo ulioingia nasi ukavipitia vyote, na vyote vikatikisika kwa pamoja, vikitoa sauti ya majani makavu.

Yeye alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. Mwanamke wa kama miaka ishirini na tatu, nywele zimefungwa vizuri, amevaa sweta ya kijivu ya mamake. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumiwa, kana kwamba anatuuliza jambo ambalo huenda yeye ndiye amekosea:

"Si nilikuwa nimefunga?"

Mama mmoja alianza kuomba kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeona kitu mezani. Kadi, iliyofunguliwa wazi. Ilikuwa imesimamisha mlango ulioachama, na mlangoni watu wanne wazima, mmoja wao mwenye mtaimbo, na mbele yao mtoto mwenye misuko miwili. Nyuma kabisa, mtu aliyekaa ametupa mgongo.

Baadaye mzee wa mtaa alisema msichana aliikata wakati sisi tulikuwa tunabishana sebuleni. Huenda. Lakini nyanya alimwambia, nami nilikuwepo, kwamba mtaimbo ulikuwa umekaa mkononi mwake kwa dakika moja tu. Na mimi niliigusa ile gundi. Ilikuwa imekauka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Jumatatu ya Pasaka ndugu za Mwalimu walikuja na gari, wakamchukua msichana, akafunikwa shuka kichwani kwa sababu hakuweza kuvumilia anga. Alipelekwa hospitali, kisha kwa mjomba wake. Karatasi zilibanduliwa ukutani. Niliona magunia mawili yakitolewa, mepesi, mtu mmoja akiyabeba yote kwa mkono mmoja.

Kabla Mwalimu hajaondoka naye, alikuja kwetu kurudisha kikombe cha nyanya. Nyanya alianza kuomba msamaha, akashindwa, akaketi. Mwalimu akaniambia mimi.

"Ni miaka sita, mami. Alijifungia mwenyewe baada ya baba yake kufa. Mwaka wa kwanza hata chakula nilikuwa naacha naenda nje ya nyumba ndiyo afungue. Halafu karatasi. Halafu mwaka huu akaanza kukukata wewe. Hizo vipande zilikuwa zinapitia kwa mikono yangu kwanza. Unadhani sikuziona? Nilikuwa nakuwekea."

Nikamuuliza kuhusu komeo, kwa nini alilikata kubwa vile.

"Sijui," akasema. "Mimi nilifikiria anajiandaa kulitoa."

Nilimwona msichana huyo mara moja tu tena. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilienda kwa mjomba wake Dagoretti, nimebeba karatasi mbili za manila zimeviringishwa na mkasi mpya. Nilimkuta ameketi barazani akiambua njegere pamoja na wanawake wengine, mnene, mchangamfu, anacheka. Alinisalimia kama anavyosalimiwa mgeni yeyote. Kila mtu pale aliniambia amepona, na ilikuwa kweli, alikuwa amepona. Alikuwa akienda kanisani, sokoni, alikuwa akiongea na watu. Nikampa karatasi moja. Akaigeuza upande huu na ule, akapitisha kidole kwenye ukingo, akanirudishia kwa adabu.

"Ya kufanyia nini?" akauliza.

Nilimtazama machoni kwa muda ambao haukuwa na heshima, nikimtafuta. Hapakuwa na mtu nyuma ya mlango.

Mwalimu alinisindikiza hadi kwenye lango la mjomba. Alikuwa amezeeka, sauti yake imekuwa ndogo zaidi, ikabidi niiname.

"Usijilaumu," akasema. "Anakula na watu. Analala vizuri. Namshukuru Mungu kila siku." Akashika mkono wangu, vidole vyake vikavu kama vya karatasi. "Lakini yule mwingine, mami. Yule mwingine namkosa sana."

Nyanya amefariki, Mwalimu pia. Ploti yetu ni ghorofa sasa, yenye lifti na vioo vya bluu, na hakuna anayeishi humo anayejua kwamba mtaa mzima uliwahi kusimama kwenye kuta za chumba kimoja, na mimi nikiwemo. Wakati mwingine nikiwa pale barabarani nasubiri kuvuka, nahisi kwamba ule mtaa wa karatasi ndio uliokuwa wa kweli, na kwamba sisi tuliobaki huku nje ndio tuliobanduliwa, tukatiwa kwenye magunia, tukabebwa kwa mkono mmoja.